Chumba cha Gemu: Tumpeleke Mtoto au Tumzuie?

Mzazi wa zamani katika Usukuma hakuwa na haja ya kuuliza mtoto wake anachezea wapi. Mchezo ulikuwa uwanjani, mbele ya macho ya watu wazima, na aliyekosea alikemewa na mzee yeyote aliyepita. Siku hizi mchezo umeingia ndani ya nyumba. Katika miji kama Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, si jambo geni kukuta chumba chenye pazia mlangoni, benchi mbili au tatu, na televisheni zilizopangwa ukutani. Vijana wamekaza macho mbele yake, pedi mikononi, wakicheza mpira wa miguu ambao mguu hauushiriki. Hicho ndicho kibanda cha gemu. Aghalabu jirani yake kuna banda umiza, mahali pa kuonyeshea filamu na mechi za Ulaya kwa kiingilio kidogo.

Mtoto akiomba kwenda huko, wengi wetu hutoa mojawapo ya majibu mawili. Wako wanaokataa bila kueleza sababu, na wako wanaomwachia aende bila kujua aendako. Majibu yote mawili ni ya mtu aliyechoka. Yule anayekatazwa bila sababu hujifunza kwenda kwa siri, na yule anayeachiwa bila mwongozo hufundishwa na yeyote atakayemkuta humo. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa makini: je, chumba cha namna hiyo kina thamani ya kumpeleka mtoto?

DAKIKA NA BAHATI

Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Chini ya paa hizo mara nyingi huuzwa bidhaa za aina mbili zilizo mbali sana. Gemu huuza dakika. Mtoto hulipa, hucheza mchezo wake, na muda ukiisha huondoka. Akishindwa leo, kesho atacheza vizuri zaidi, maana jicho na kidole vimejifunza. Lakini iko pia ile mashine ya kutumbukiza sarafu ambayo vijana huiita dubwi. Hiyo haiuzi dakika, bali huuza bahati. Hata mtu akiichezea miaka kumi hataijua zaidi ya aliyeanza jana, kwa sababu mkono wake hauna kazi yoyote katika matokeo. Matokeo huamuliwa na hesabu iliyomo ndani ya mashine, nayo imepangwa ili katika michezo mingi sehemu ya fedha ibaki kwa mwenye mashine.

Tofauti hii imewahi kujadiliwa na wakubwa kuliko sisi. Jiji la New York, nchini Marekani, lilipiga marufuku mashine za mpira wa chuma mwaka 1942, na Meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Hoja ilikuwa kwamba mashine hizo ni kamari inayowaibia watoto fedha zao. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1976, wakati kijana mmoja aitwaye Roger Sharpe alipocheza mbele ya baraza la jiji na kutaja mapema mahali ambapo mpira wake ungepita. Mpira ukapita hapo hapo. Baraza likaona kwamba mchezo huo unategemea ustadi, likauruhusu. Kipimo kile kile kinatufaa sisi: mkono wa mtoto una kazi gani katika mchezo huu? Kama hauna kazi, huo si mchezo wa mtoto.

Sheria ya nchi yetu nayo haina utata. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kushiriki. Kwa hiyo mzazi akikuta dubwi limesimama pembeni ya chumba cha gemu, hana haja ya kuendelea kukagua. Amshike mtoto mkono waondoke. Mtoto anayengoja zamu ya gemu huku akisikia sarafu zikimwagika amekwisha kuanza somo la pili, hata kama hajacheza.

KWA NINI KWETU ZAIDI

Huenda msomaji akasema kwamba kamari ni tatizo la nchi nzima, na kwamba hakuna sababu ya kuitaja Geita na Shinyanga peke yake. Tunakubali kwamba ni ya nchi nzima. Lakini sisi tunaishi juu ya dhahabu na almasi, na ardhi ya namna hiyo ina mafundisho yake. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1898, na tangu hapo kila kizazi kimekuwa na hadithi ya mtu aliyelala maskini akaamka tajiri. Mtoto wa machimboni husikia habari za duara lililotema kabla hajajua kusoma. Husikia mara chache sana habari za maduara mengi yasiyotema, na za watu waliozeeka wakiyachimba.

Hata habari za Mwadui husimuliwa hivyo. Wengi humtaja John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940, kana kwamba aliziokota njiani. Ukweli ni kwamba alikuwa msomi wa elimu ya miamba, na alitafuta kwa miaka kadhaa, tena kwa taabu na uhaba wa fedha, kabla ya kufika pale. Bahati ilimkuta kazini.

Mtoto anayelelewa katika mazingira haya anahitaji kuona kila siku kwamba jitihada huzaa matunda. Dubwi humfundisha kinyume chake, na humfundisha kwa lugha ambayo tayari ameizoea. Ndiyo maana tunasema kwamba sarafu ya shilingi 200 inayoingia katika mashine hiyo Nyarugusu ina madhara makubwa kuliko thamani yake.

SARAFU IMETOKA WAPI?

Hapo tumefikia swali ambalo wazazi wengi hulikwepa. Kabla ya kuuliza mtoto anacheza nini, tuulize fedha ameipata wapi. Mtoto aliyepewa na mzazi wake ana mipaka, kwa kuwa fedha ya mzazi ina kiasi na ina maswali. Lakini katika vijiji vya machimbo wako watoto wenye fedha ambazo hakuna mzazi aliyewapa.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, baada ya kuzungumza na watoto wa Geita, Shinyanga na Mbeya. Taarifa hiyo ilieleza habari za watoto, baadhi yao wenye umri wa miaka minane, wanaoshuka mashimoni, wanaobeba na kuponda mawe, na wanaochanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mvuke wake wakati wa kuchoma dhahabu huvutwa bila kuonekana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na machimbo ni miongoni mwa kazi hizo.

Basi mtoto akiwa na sarafu mfukoni asiyoweza kuieleza, chumba cha gemu kimetusaidia kuliona tatizo ambalo lilianza mbali nacho. Mzazi anayemchapa kwa sababu ya gemu, bila kuuliza fedha ilitoka karasha gani au mwalo gani, amepiga moshi akaacha moto. Na mwenye kibanda anayepokea fedha ya mtoto saa nne asubuhi, siku ya shule, anajua vema kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya elimu ya msingi kuwa lazima. Hawezi kusema hakumwona.

UPANDE WA PILI

Haki inatutaka tusikilize na utetezi. Wako wanaosema kwamba ni heri mtoto awe mbele ya televisheni kuliko kando ya shimo, na kwamba kibanda ndicho mahali pekee penye kivuli, taa na burudani katika makazi yaliyoota haraka kwa ajili ya dhahabu. Rai hii ina uzito, wala hatuidharau. Mara nyingi mji wa machimbo hupimwa viwanja vya nyumba na maduka, na uwanja wa watoto husahauliwa. Hali kadhalika, Sheria ya Mtoto, katika kifungu chake cha 8, inataja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kucheza si anasa ambayo mtoto wa mchimbaji aombe radhi kwa kuitaka.

Wala gemu yenyewe si sumu. Mtoto hujifunza kuwahi, kupanga na kukubali kushindwa mbele ya mwenzake. Hatari yake iko katika wingi. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Ugonjwa huo haumpati kila achezaye. Humpata yule ambaye mchezo umemshinda nguvu, akaacha masomo, usingizi na ndugu zake kwa ajili yake. Dawa ya mapema ni kipimo cha muda, na kipimo hicho hushikwa na mzazi, maana mwenye kibanda hulipwa kwa dakika.

KABLA YA KULIPA

Kwa hiyo mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto wake na aende kwanza peke yake, akae ndani robo saa, atazame. Je, pana dubwi? Je, mlango ni mmoja tu, nyaya za umeme zimening'inia, na bati limekaa juu ya vichwa bila dirisha? Chumba cha namna hiyo kikishika moto ni mtego. Je, watu wazima wanakunywa pombe humo? Filamu inayoonyeshwa ni ya umri gani? Nchi yetu imekuwa na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1976, na kupanga filamu kwa umri wa watazamaji ni kazi ya Bodi ya Filamu, lakini Bodi haiwezi kukaa katika kila banda la Kahama. Jicho la mzazi ndilo lililo karibu.

Na lipo swali la mwisho linalofupisha yote: je, mimi mwenyewe ningekaa humu saa nzima pamoja na mwanangu, nikacheza naye, nikashindwa naye nikacheka? Kama jibu ni ndiyo, saa moja ya Jumamosi haitamdhuru, na huenda ikampa baba na mwana jambo la kuzungumza njiani. Kama jibu ni hapana, basi mahali ambapo mzazi haoni heri kukaa hapafai kumwacha mtoto.

Lakini mzazi mwenye nauli ya safari moja kwa mwaka tunamshauri asiimalizie kwenye pedi. Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza kwenye barabara ya Musoma, iko Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, iliyoanzishwa na padri Mkanada David Clement. Hapo pia mtoto huingia ndani ya nyumba, lakini nyumba moja imejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na nyingine inaeleza kazi za mhunzi. Ataona habari za Wagika na Wagalu, ngoma ya majembe ya Bugobogobo, na vyama vya wawinda nungunungu na wacheza na nyoka. Ngoma hizo nazo ni mashindano, tena makali, na mshindi hupatikana kwa ustadi na kwa kuwavuta watazamaji. Kwa watu wa Geita njia imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na kuondoa ile kazi ya kungoja kivuko. Mcheza kwao hutuzwa, na mtoto asiyejua kwao hana mahali pa kutuzwa.

Kwa halmashauri zetu tunasema: kila makazi ya machimbo yapimwe pamoja na uwanja wa watoto, na mashine za kubahatisha ziondolewe mahali wanapoingia watoto. Kwa wenye vibanda tunasema: fungeni mlango kwa mtoto saa za masomo, nanyi mtaheshimiwa kama wafanyabiashara wengine. Kwa wazazi neno letu ni fupi zaidi. Mtoto akiomba kwenda kucheza, msimjibu mkiwa mmekaa. Inukeni mkapaone.