Ubongo kwenye beseni la unga

Mimina unga wa muhogo ndani ya beseni, usawazishe kwa kiganja, kisha piga alama kwa ndani pale unga ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya mkeka, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano, ndipo usonge bugali siku hiyohiyo. Katika saa hizo kimeng'enya kilichomo ndani ya unga wenyewe huivunja sumu ya muhogo, na sayanidi hupaa hewani. Mbinu hii iliandaliwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia katikati ya miaka ya 2000. Ni somo la sayansi ya ubongo, tena zito kuliko mengi yanayobeba jina hilo, na hakuna hatua yake isiyoweza kuchorwa ukutani kwa mkaa.

Uhusiano wa beseni na ubongo unaitwa konzo. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938 huko Kwango, magharibi mwa Kongo. Jina ni la Kiyaka, nalo husema juu ya miguu iliyofungwa. Mtoto au mama aliyekuwa mzima hukuta ghafla miguu imekakamaa, na haitarudi kuwa kama zamani. Mguu wenyewe hauna kidonda. Zilizoharibika ni neva zinazobeba amri ya kutembea kutoka ubongoni. Ugonjwa huwapata wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, wiki baada ya wiki, huku sahani haina maharage, samaki wala nyama, maana mwili unahitaji salfa iliyomo katika protini ili kuizima sayanidi. Mwaka 2013 Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao walichapisha matokeo ya vipimo vya akili na vya ustadi wa mikono walivyowafanyia watoto wa Kahemba, Kongo. Wenye konzo walikuwa nyuma, jambo lililotarajiwa. Lakini hata watoto wa eneo hilohilo wanaotembea vizuri, wanaocheza na kwenda shule, walionekana kuachwa na watoto wa mahali pasipo na ugonjwa. Sumu iliyoshindwa kufunga miguu ilikuwa imeshagusa kichwa.

Mahali ninapopafikiria pa kufundishia mbinu hii ni Luvungi ya bonde la Ruzizi, katika usultani wa Bafuliiru, wilaya ya Uvira, kando ya barabara iteremkayo kutoka Bukavu na Kamanyola. Wengi wa mbali wakisikia jina hilo hukumbuka Luvungi nyingine, ya Walikale, na unyama uliotendwa huko mwaka 2010. Hata hii yetu hutajwa zaidi bunduki zinapolia, kama Desemba 2025 mapigano yalipopita humo kuelekea Uvira. Sisemi kwamba konzo imeenea Luvungi. Nasema vinavyoizaa vinajulikana Kivu Kusini: muhogo ndio chakula cha wengi, na vita humnyima mama zile siku tatu au nne za kuloweka kabla ya kukimbia. Mwaka 2011 watafiti walichapisha taarifa ya konzo katika eneo la Burhinyi, Mwenga, wakiihusisha na hali ya vita. Msumbiji ilishatangulia: ukame wa 1981 uliacha wagonjwa zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, na vita vikaurudisha ugonjwa huohuo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufundisha kabla mtu hajaanguka ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa akishaanguka hakuna dawa ya kumrudishia miguu.

Hapa ndipo wajitoleaji wanaofika vijijini na rangi na karatasi kufundisha juu ya ubongo wanapokuwa na kazi ya maana, mradi waelewe picha inafanya nini. Tangu 1996 dunia ina Wiki ya Ubongo kila Machi, na katika miji mingi watoto hupewa mchoro wa ubongo waupake rangi. Sina ugomvi na hilo. Lakini ubongo uliokatwa katikati na kuchorwa kwa rangi saba, mbele ya mtu ambaye hajauona, ni kama ramani ya nchi asiyoijua. Nchini Nepal mwaka 1976, watafiti waliofanya kazi na UNICEF waliwaonyesha wanakijiji michoro ya afya na kukuta kwamba mingi ilisomwa vingine kabisa na walivyokusudia wachoraji. Picha ina lugha yake, na lugha hujifunzwa. Kongo kuna njia iliyo tayari. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi yake katika picha 101, miaka ya 1973 na 1974, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Wateja wa wachoraji wa Katanga wa siku hizo walitaka picha ya ukumbusho: ikining'inia sebuleni, mgeni akaiuliza, mwenye nyumba akasimulia. Picha isiyozua maneno ilikuwa haijamaliza kazi. Mchoro wa beseni ufuate njia hiyo. Mama wa Luvungi auchore mwenyewe, na beseni alijualo, mkeka aliousuka mwenyewe, jua la bonde lile, kisha amweleze jirani. Akikosea hatua, kosa litaonekana kwenye mchoro kabla halijafika chunguni.

Kifafa nacho, kwa upande mwingine, kinaonyesha kwamba mtu hujifunza kwa kutenda mwenyewe. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, mwaka 1960, alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto. Walianguka jikoni, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa kwa kuamini kwamba mate yao huambukiza. Vidonge viliwasaidia wengi, lakini kidonge hakimvuti mtu motoni. Anayemvuta ni jirani, na hofu ya jirani haiondoki kwa kuambiwa kwamba chembe za ubongo zimetoa umeme kwa wakati mmoja. Huanza kulegea pale anapoigiza. Katika mchezo wa jukwaani mmoja anaanguka kando ya mafiga, mwingine anamsogeza mbali na moto, anamlaza ubavu, anamfuta mate kwa kitambaa, na mbele ya kijiji kizima hadhuriki. Umeme wa ubongo uelezwe baada ya hapo, wakati watu wameshauliza.

Wapo watakaosema sanaa inaishusha sayansi. Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Nobel mwaka 1906, alizichora chembe za neva kwa mkono kutoka kwenye darubini, na michoro hiyo ilisaidia kuonyesha kwamba kila chembe inasimama peke yake. Mkono wake ulikuwa sehemu ya ushahidi. Pingamizi zito zaidi ni la vita: nani atashika brashi huku watu wakibeba magodoro kichwani? Ni kweli, na hakuna mchoro unaochukua nafasi ya usalama, samaki au maharage. Hata hivyo mwenye kukimbia huondoka na beseni na unga, na mbinu ya saa mbili inamfaa yeye kuliko aliyetulia. Mtu anaweza pia kusema maonyesho hupendwa leo na kusahauliwa kesho. Basi tusihesabu makofi. Mjitoleaji arudi baada ya mwezi, aombe kuonyeshwa beseni, atafute alama ndani yake. Katika kijiji cha Kay Kalenga, eneo la Popokabaka, kulikuwa na wagonjwa 34 wa konzo. Wanawake walifundishwa mbinu ya maji kuanzia 2010, wakafundishana, na katika miezi 18 ya ufuatiliaji hakupatikana mgonjwa mpya. Waliotoa taarifa hiyo, Jean-Pierre Banea na wenzake, waliendelea kuupima unga wenyewe na hawakuridhika na kuuliza tu kama somo lilieleweka.

Linalobaki ni malipo, na hilo linanisumbua kuliko pingamizi zote. Kazi ya afya vijijini Kongo hubebwa na wajitoleaji wa jamii, wale wanaoitwa reko, wanaokwenda nyumba hadi nyumba kwa ajili ya chanjo, chandarua na kipindupindu. Kuwaongezea somo la ubongo, uchoraji na maigizo juu ya hayo, kwa asante peke yake, ni kuchuma shamba bila kulipalilia. Mgeni anayefika Luvungi kwa siku tatu hujitolea akiwa na tiketi ya kurudi. Reko hujitolea akiwa na shamba lisilolimwa siku hiyo. Bajeti ya rangi iandikwe pamoja na bajeti ya siku zake, na jina lake liwe kwenye mchoro, chini kabisa, pale wachoraji wa Kongo wanapotia saini.