Kutoka Maegeshoni Hadi Karakana

Mwaka 1973, padri Mholanzi Arnold Grol alianzisha Shirika la Undugu jijini Nairobi, akiwalenga wavulana waliojipatia riziki kwa kuelekeza magari kwenye maegesho.

Darasa la kawaida halikuwafaa. Kijana wa miaka 14 aliyezoea kushika hela zake hakubali kirahisi kuketi na watoto wa miaka 6, na asipochuma leo, hali.

Hivyo Undugu ikayafupisha masomo ya msingi, kisha ikawapeleka vijana kwa mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi. Huko mwanagenzi hupima bati, hulikata kwa mkasi, hukunja kingo na kugonga mpaka sanduku lisimame. Kupatana bei na mteja, mtaa ulishamfunza.

Kikwazo kingine cha shule ya kawaida kilikuwa karo, na mwaka 2003 Kenya ilifuta karo ya shule za msingi za umma. Hata hivyo, sare na chakula viliendelea kuwagharimu wazazi.