Joto la Uongo: Mahindi Mabovu, Bakteria wa Utumbo na Uzazi wa Mtamba wa Nguruwe

Je, wajua kwamba nguruwe jike wa miezi mitatu, ambaye hata hajakaribia kupevuka, anaweza kuonyesha dalili za kutaka dume? Mashavu ya uke huvimba na kuwa mekundu, chuchu hutuna, na mfugaji huanza kuwauliza majirani ni nani mwenye dume zuri. Dume akiletwa, mtamba hasimami. Ukimkandamiza mgongoni anakimbia, ilhali nguruwe mwenye joto la kweli husimama tuli, masikio wima. Huyu hana joto. Ana sumu ya mahindi mwilini, na bakteria wanaoishi ndani ya utumbo wake ndio wanaoirudisha kwenye damu kila mara ini linapojaribu kuitoa.

Habari hii inaihusu Kedowa kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mji huu mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kericho uko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi na mvua za alasiri zinazoifanya Kericho kuwa nchi ya chai huyafanya mahindi yakae shambani muda mrefu. Mbegu ya H614, inayopandwa sana nyanda za juu, huweza kuchukua miezi saba kukomaa, na mara nyingi mvua nyingine huyakuta yangali kwenye mabua. Ukungu unaoitwa Fusarium hupenda hali hiyo hasa. Watu wengi wakisikia sumu ya ukungu huikumbuka ile iliyowaua watu 125 Makueni, Kitui na jirani zake mwaka 2004. Ile hutokana na ukungu mwingine, wa nchi zenye joto na ukame. Huu wa kwetu wa milimani hutaka ubaridi na unyevu. Utautambua kwa rangi ya waridi iliyoiva, inayoanzia nchani mwa hindi na kushuka taratibu. Bomet nao waliujua vizuri baada ya Septemba 2011, pale ugonjwa mwingine hatari wa mahindi ulipogunduliwa kwa mara ya kwanza nchini katika eneo la Longisa: mimea ilikauka ikingali michanga, na mahindi machache yaliyopatikana yakavamiwa na uozo.

Siku ya kuchambua mavuno, kila boma lina mafungu yake. Mazuri huenda kwa unga, yaliyovunjika huenda kwa kuku, na yale mekundu yenye ukungu hutupiwa nguruwe, kwa kuwa inasemekana nguruwe hula kila kitu. Kula anakula. Lakini katika mifugo yote ya boma, hakuna anayedhuriwa na sumu hiyo kama nguruwe, na katika nguruwe hakuna anayedhuriwa kama mtamba. Naamini hakuna desturi inayowagharimu wafugaji wa nguruwe wa nyanda za juu kimyakimya kama hii.

Madaktari wa mifugo wa Marekani waliandika juu ya uvimbe huo wa uke tangu mwaka 1928, wakiuhusisha na mahindi yenye ukungu. Ilichukua hadi mwaka 1962 kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kuitenga sumu yenyewe, ambayo leo huitwa zearalenoni. Si sumu ya kuua. Ubaya wake ni kwamba umbo lake linafanana na estrojeni, homoni ya kike, kiasi kwamba mji wa mimba hauwezi kuzitofautisha. Ini la nguruwe huongeza tatizo, kwa sababu huibadili sehemu kubwa ya zearalenoni kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi ya ile ya kwanza.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia. Ini husafisha damu kwa kuibandika homoni au sumu kipande cha sukari, kisha huimwaga pamoja na nyongo ndani ya utumbo ili itoke na kinyesi. Ikiwa na kipande hicho haiwezi kupenya ukuta wa utumbo kwa urahisi. Lakini kwenye utumbo mpana wamo bakteria wenye kimeng'enya kinachokata kipande hicho, maana wao wanaitaka sukari. Wakishaikata, sumu inabaki huru, inafyonzwa tena, inarudi kwenye ini, na safari inaanza upya. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 1993 lilipima jambo hili kwa nguruwe wachanga. Walipoiacha nyongo ifuate njia yake ya kawaida, nusu ya zearalenoni ilichukua zaidi ya siku tatu kuondoka mwilini. Walipoizuia nyongo isifike utumboni, ilichukua kama saa tatu tu.

Estrojeni ya nguruwe mwenyewe hupita njia hiyohiyo. Kiasi kinachozunguka katika damu ya mtamba hutegemea ovari, na hutegemea pia ni bakteria gani waliomo utumboni na wanakula nini. Wanadamu nao wako hivyo. Mwaka 2011 watafiti Claudia Plottel na Martin Blaser wa New York waliita jumla ya jeni za bakteria zenye kazi hiyo estrobolomu, wakichunguza uhusiano wake na saratani ya matiti.

Kwa mtamba aliyekwisha kupevuka madhara ni mabaya zaidi, na hapa lazima nieleze jinsi nguruwe anavyojua kwamba ana mimba. Mzunguko wake ni wa siku 21. Akipandwa na mimba ikashika, siku ya 11 au 12 viinitete vyenyewe hutoa estrojeni, na hiyo ndiyo habari inayofika kwenye mji wa mimba: tumo humu, usianze mzunguko mwingine. Ovari hutii na kuendelea kutoa homoni ya kutunza mimba. Sasa mtamba aliyepandwa lakini mbegu haikushika, akila mahindi yenye zearalenoni siku hizohizo, mwili wake hupokea habari ileile kutoka kwa ukungu. Anakaa kama mwenye mimba. Siku ya 21 inapita bila joto, na mfugaji anafurahi kwamba imeshika. Anahesabu siku 114, ambazo wengi huzikumbuka kama miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, akinunua chakula cha kutosha mama na watoto. Siku zinatimia na hakuna kitu. Wengi humwuza mtamba huyo buchani kwa kosa la utasa, na mwenzake aliyenunuliwa mahali pake hulishwa kutoka gunia lilelile.

Bakteria hao si maadui. Jamii ya Lactobacillus, iliyo katika utumbo wa mtoto wa nguruwe tangu siku zake za kwanza, ni miongoni mwa zile zinazogandisha maziwa ya mursik ndani ya kibuyu. Wale wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi za majani na pumba na kutoa asidi ambazo nguruwe mkubwa huzitumia kupata nguvu. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza waliwalisha mitamba makapi mengi ya kiazisukari kabla ya kupandishwa. Estrojeni katika damu yao ilipungua, mayai yao yalikuwa yameiva vizuri zaidi, na viinitete vingi zaidi vilinusurika. Kedowa hakuna kiazisukari, lakini majani ya kabeji, nyasi changa na pumba za ngano vyote vina nyuzinyuzi. Hivyo viongezwe juu ya chakula kamili, visichukue nafasi yake. Kinachowaharibu bakteria hawa ni sindano ya tetrasaiklini inayodungwa kwa kila dalili, pamoja na uvimbe huu wa uke, ambao si ambukizo na hauponywi na antibiotiki yoyote.

Kuchemsha mahindi hakuondoi zearalenoni. Kukausha hadi unyevu wa asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa na maghala ya nafaka nchini, huuzuia ukungu usiendelee, ila sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki. Yale mekundu yachomwe au yafukiwe, kuku na ng'ombe nao wasipewe. Mtamba mchanga akibadilishiwa chakula, uvimbe huanza kunywea ndani ya wiki moja hivi. Yule aliyekaa na mimba ya uongo huweza kuchukua miezi miwili au zaidi kabla ya kuingia joto tena, isipokuwa daktari wa mifugo amdunge homoni ya kuufungua mzunguko. Joto hilo la kwanza liandikwe ukutani na lipite. Apandishwe kwenye la pili au la tatu, akiwa na kilo 120 hivi, na siku ya 21 baada ya hapo dume aletwe tena mbele yake, hata kama mfugaji ana hakika kwamba imeshika.