Masika si 'ndefu', vuli si 'fupi': Majina ya majira na bustani ya Kyumbi

MKAZI wa Kyumbi anayetaka kupanda mboga na maua uani mwake hukabiliwa na swali la lugha kabla hata hajashika jembe. Mvua ya kupandia ni ipi? Shuleni alifunzwa kwamba Kenya ina 'mvua ndefu' za Machi hadi Mei na 'mvua fupi' za Oktoba hadi Desemba. Kwa mantiki ya maneno hayo, mtu yeyote mwenye akili timamu ataelekeza pesa, mbegu na samadi yake kwenye ile 'ndefu'. Katika eneo hili la njiapanda ya kwenda Machakos, kwenye Barabara ya Mombasa, atakayefanya hivyo mwaka baada ya mwaka ana hatari ya kuvuna majuto.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba majina ya majira hubeba jiografia ya mahali yalikozaliwa. Tukiyahamisha bila kuyatafakari, hasara huonekana shambani.

Tuanze na istilahi zenyewe. 'Mvua ndefu' na 'mvua fupi' ni tafsiri sisisi kutoka kwa Kiingereza. Mswahili hapimi mvua kwa urefu kama anayepima kamba. Mvua huwa kubwa, huwa ya rasharasha, huwa ya manyunyu, urefu hauna. Kiswahili kina maneno yake: masika, vuli, kiangazi na kipupwe. Nyuma ya maneno hayo yapo majina ya pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, nayo kusi takriban Aprili hadi Septemba. Mabaharia wa majahazi walizihitaji pepo hizo kwa safari za Uarabuni na Bara Hindi, na wakulima wa pwani wakapanga kazi zao kwa kalenda iyo hiyo.

Basi masika na vuli ni maneno ya pwani. Mjini Mombasa, Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi kwa kawaida, na mvua huweza kuendelea hadi Juni. Vuli ya huko ni hafifu ikilinganishwa na masika. Ndiyo maana kamusi zetu huhusisha masika na mvua kubwa, na vuli na mvua ndogo. Kamusi hazikukosea. Zilieleza ukweli wa Mombasa, Lamu na Unguja.

Sasa panda bara zaidi ya kilomita 400 hadi Kyumbi, mahali palipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku masika huanza mwishoni mwa Machi, hushika kasi Aprili, na mara nyingi hukatika katikati ya Mei, wakati Mombasa inaloa. Vuli nayo huja mwishoni mwa Oktoba, hupamba moto Novemba na kuingia Desemba. Wakulima na watafiti wa kilimo cha Ukambani wanakubaliana kwamba vuli ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi huku. Kwa hiyo ile inayoitwa 'fupi' ndiyo hulisha watu, na 'ndefu' ndiyo huwaacha solemba.

Kuna sababu nyingine ya kuiheshimu vuli: hutabirika vizuri kuliko masika. Vuli hufuata sana joto la maji ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na joto hilo huweza kupimwa miezi kadhaa mapema. Neno 'elinino', ambalo siku hizi Mkenya huliita gharika yoyote, lilitia mizizi katika mazungumzo yetu kutokana na mvua za 1997 na 1998. Asili yake ni Kihispania, na wavuvi wa Peru walilitumia kwa maana ya Mtoto Yesu, kwa kuwa maji ya bahari yao yalipata joto karibu na Krismasi. Kwa kawaida hali hiyo huongeza vuli yetu, na kinyume chake, La Niña, huipunguza. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa vuli, dalili huanza baharini kabla ya wingu kuonekana, na mwenye bustani anafaa kufuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya msimu kuanza.

Je, lugha zetu nyingine hufanyaje? Wagikuyu huita mvua ya Machi hadi Mei mbura ya njahi, na ile ya Oktoba hadi Desemba mbura ya mwere. Njahi ni aina ya maharage na mwere ni mtama mwembamba, yaani uwele. Jina la mvua hapo linakwambia la kupanda. Halizungumzii ukubwa wala urefu, bali linakupa agizo la kazi.

Hebu nasi tuyasome maneno yetu hivyo, kama kalenda ya kazi katika ua wa Kyumbi.

Septemba bado ni kiangazi, ila ndio mwezi wa kitalu. Mbegu za sukuma wiki, spinachi na nyanya husiwa wakati huu na kumwagiliwa maji ya tangi, kwani miche huhitaji kati ya wiki 4 na 6 kabla ya kupandikizwa. Anayesubiri ngurumo ya kwanza ndipo asie mbegu hupoteza nusu ya vuli. Kunde, ndengu na dania hazihitaji kitalu. Hupandwa moja kwa moja mvua inaponyesha au muda mfupi kabla. Hapa pia chunga maneno. Kinachoitwa ndengu Machakos ndicho choroko au pojo kwingineko, ilhali dengu ya Tanzania ni mbegu nyingine kabisa ya jamii ya mikunde.

Mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu, zinastahili kutajwa pekee. Zile za muda mrefu hupandwa vuli inapoanza, huvumilia kiangazi cha Januari na Februari, hunywa masika, kisha huvunwa baada ya katikati ya mwaka. Mmea huo haujali ipi ni ndefu na ipi ni fupi. Huzitumia zote mbili. Upande kandokando ya ua, utakupa chakula na kivuli.

Masika yatumie kwa tahadhari, kwa mimea inayokomaa haraka: kunde za majani, mchicha, dania. Kisha kinafuata kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Hili ni neno la pwani ambalo limepata maana kali zaidi bara. Mombasa kipupwe ni nafuu ya joto. Kyumbi ni baridi ya kuvalia sweta, mawingu mazito na mvua haba. Sukuma wiki, kabeji, karoti na vitunguu huifurahia hali hiyo mradi viwe na maji. Nyanya huteseka, kwa kuwa baridi na unyevu wa majani hualika ugonjwa wa ukungu ambao wakulima huuita blaiti.

Na maua? Kiswahili kina ua la kunusa, wingi maua, na ua wa nyumba, wingi nyua. Kwa bahati njema, la kwanza humea ndani ya wa pili. Hata bustani, neno lenye asili ya Kiajemi, kwa maana ya msingi ni mahali pa harufu nzuri. Waridi lipogolewe kiangazi kikiisha ili lichipuke na vuli. Zinia na alizeti zipandwe pamoja na kunde. Nyuki watakaozifuata watanufaisha mboga pia.

Mwisho, tusidhani kwamba maneno husafiri kutoka pwani au ng'ambo kuja Machakos tu. 'Fanya juu' ni jina la mtaro unaochimbwa kukingama mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu ili ujenge tuta la kuzuia maji. Jina hilo, lililoshamiri kwenye miteremko ya Machakos, limo leo katika vitabu vya Kiingereza vya kuhifadhi udongo, bila kutafsiriwa. Limedumu kwa sababu linasema kile ambacho mkono unafanya.

Kwa hiyo walimu na wanahabari wenzangu, tuseme masika na vuli, tuziache 'ndefu' na 'fupi'. Na tunapoyatamka mbele ya watu wa Ukambani, tuongeze kwamba huku vuli ndiyo kubwa. Kitalu huanza Septemba.