Sumu katika Mabwawa ya Kamba

Kamba na wadudu ni wa ukoo mmoja. Wote wana ganda la nje na miguu yenye viungo, na mishipa yao ya fahamu hufanya kazi kwa namna moja. Kwa sababu hiyo, dawa iliyotengenezwa kumwua mdudu shambani humwua pia kamba bwawani, mara nyingi kwa kiasi ambacho samaki hustahimili.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Bwawa la hekta 1 lenye kina cha mita 1 lina lita milioni 10 za maji. Gramu 10 tu za deltamethrini halisi, zikienea humo, zaweza kuua kamba. Dawa nyingine huzuia ganda jipya lisijengeke, na kamba hufa wakati wa kujivua ganda. Shaba, ambayo hutiwa bwawani kuua miani, ikizidi huharibu matamvua. Hata sumu isiyoua hupunguza ulaji na ukuaji, na mfugaji huvuna kamba wadogo asijue sababu.

Hata hivyo, si kila kifo huletwa na sumu. Mwaka 1992 kamba walikufa kwa wingi karibu na mto Taura, nchini Ekuador. Lawama ziliangukia dawa za kuvu zilizonyunyiziwa migomba ya jirani. Utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa virusi. Kufikia wakati huo ugonjwa ulikwisha kuenea Peru, Kolombia na Honduras, kwa kuwa kamba wachanga na wazazi waliendelea kusafirishwa.

Kwa hiyo yafaa vyama vinavyotumia mto mmoja vizingatie yafuatayo:

1. Chama cha wakulima kiwaarifu wafugaji kabla ya kunyunyizia. Katibu aandike kitabuni tarehe, jina la dawa na kiasi.

2. Mfugaji asiingize maji mapya siku hizo, wala mara baada ya mvua kubwa inayofuata.

3. Vifo vikitokea, maji, matope na kamba walio mahututi vichukuliwe siku hiyo hiyo na kuwekwa katika barafu. Kamba waliooza hawafai kupimwa.

4. Vipimo vifanywe vya sumu na vya ugonjwa pia.

Bila kumbukumbu na vipimo, chama chaweza kumshitaki jirani asiye na kosa, huku hasara ikiendelea.