Jimnastiki ya timu za wanaume: msamiati na matumizi yake

Kila Michezo ya Olimpiki inapofanyika, walimu na wafasiri hurejea kwenye swali lile lile: mchezo huu uitwe nini kwa Kiswahili? Majina matatu hushindana. Mazoezi ya viungo ni jina pana. Hujumuisha hata kunyoosha mikono kwa wanafunzi uwanjani asubuhi. Sarakasi ni maonyesho ya kufurahisha watazamaji, na anayeyafanya hapewi alama na mwamuzi. Jimnastiki ndilo jina linaloutaja mchezo wenyewe wenye vifaa, kanuni na waamuzi. Mfasiri anayeandika kwamba Japani ilipata dhahabu “katika sarakasi” humfanya msomaji adhani kuwa medali ilitolewa kwa kuchekesha.

Kivumishi cha kisanaa huongezwa ili kutenga mchezo huu na jimnastiki ya midundo na ya trampolini, ambazo nazo zimo katika Olimpiki. Hakimaanishi uchoraji wala uchongaji. Ama kuhusu timu, umbo sahihi ni mashindano ya timu za wanaume, kwa wingi, kwa kuwa zinazoshindana ni timu nyingi. “Mashindano ya timu ya wanaume” huashiria timu moja tu.

Majina ya vifaa

Wanaume hushindana katika vifaa sita: sakafu, farasi ya mishikio, pete, meza ya kurukia, pau sambamba na upau mlalo.

Farasi huzua swali la sarufi. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: farasi huyu anakimbia. Je, kifaa chenye jina hilo? Kiswahili kilikwisha kujibu jikoni. Mbuzi wa maziwa hula majani, lakini mbuzi ya kukunia nazi huwekwa kando ya meko. Jina la mnyama likihamia kwenye kifaa, upatanisho nao huhama. Kwa hiyo, farasi hii imefungwa imara, na farasi ya mishikio, si “farasi wa mishikio”.

Upau ni neno la wajenzi: ufito au boriti nyembamba inayolazwa juu ya paa. Wingi wake ni pau, na hufuata ngeli ya U-ZI: upau umetikisika, pau zimetikisika. Linafaa kuliko “mlingoti”, ambao husimama wima, ilhali upau mlalo hulala karibu mita 2.8 juu ya sakafu. Pete hazina utata, mradi muktadha uonyeshe kuwa zinaning’inia na si za kuvaliwa kidoleni.

Alama, zamu na nukta

Pointi hutumika zaidi katika jedwali la ligi. Hapa neno alama linafaa zaidi, kwa sababu waamuzi husahihisha kazi iliyotendwa kama mwalimu asahihishavyo mtihani. Tofauti ni kwamba mtihani una kikomo. Katika jimnastiki ya leo, alama ya ugumu wa mazoezi hujumlishwa na alama ya utekelezaji, ambayo huanzia 10 na kukatwa kwa kila kosa. Ugumu hauna kikomo kilichowekwa, kwa hiyo kauli kama “alipata 14.733 kati ya 15” ni kosa la maana, si la mtindo tu.

Timu huhama kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Kila kituo ni zamu. Neno “raundi” hukumbusha ndondi, ambako jambo lile lile hurudiwa. Desimali husomwa tarakimu moja moja: 0.532 ni sifuri nukta tano tatu mbili.

Mfano: Paris, 2024

Fainali ya Paris, iliyofanyika tarehe 29 Julai 2024, huonyesha kwa nini usahihi wa maneno haya ni muhimu. Kila timu ilikuwa na wanamichezo watano. Katika mchujo, wanne walipanda kila kifaa na alama tatu bora zikahesabiwa. Katika fainali walipanda watatu, na alama za wote watatu zikahesabiwa. Mfasiri akiruka kifungu hiki, msomaji hatajua kwa nini kosa la mtu mmoja liliigharimu timu nzima.

Kabla ya zamu ya sita China iliongoza Japani kwa alama 3.267, na timu zote mbili zilibakiwa na upau mlalo. Su Weide wa China akaanguka mara mbili, akapata 11.600. Kila anguko hukatwa alama nzima moja. Jumla ya China katika zamu hiyo ikawa 39.766, nayo Japani ikapata 43.565. Pengo lote likafutika: Japani ilimaliza na 259.594, China na 259.062. Marekani ilipata shaba kwa 257.793, medali yake ya kwanza ya timu za wanaume tangu Beijing mwaka 2008.

Maanguko mawili pekee yaligharimu alama mbili, na tofauti ya mwisho ilikuwa 0.532. Lau lile la pili lisingetokea, dhahabu ingekwenda China. Hata hivyo, sentensi “Su Weide alipoteza medali ya dhahabu” haisemi kweli. Alama zilizojumlishwa zilikuwa kumi na nane, na Wajapani watatu walilazimika kupanda upau ule ule bila kuanguka. Iliyo sawa ni: China ilishindwa na Japani kwa alama 0.532. Kitenzi kushindwa kikifuatwa na na humtaja mshindi. Bila mshindi kutajwa, huweza kueleweka kuwa mtu hakuweza kutenda jambo.

Vitenzi vya kuangaliwa

Kuanguka ni kutoka kwenye kifaa bila kukusudia; kushuka ni kumaliza zoezi kwa makusudi. Msomaji akiambiwa kwamba mwanamichezo “alishuka mara mbili”, hataliona kosa lolote.

Kutua hutumika kwa ndege, kwa mzigo na kwa mwanamichezo anayefika chini. Anayetua vizuri husimama tuli. Hapa pana mtego: katika lugha ya kila siku, kupiga hatua ni kuendelea mbele, ni sifa. Katika jimnastiki, hatua baada ya kutua hukatwa alama. Sentensi “alitua akapiga hatua kubwa” itasomwa kama pongezi. Afadhali: alitua, akayumba na kusogea hatua moja, akakatwa alama.

Sentensi za mfano kwa darasa:

Timu nane zilifuzu fainali ya jimnastiki ya timu za wanaume.
Farasi ya mishikio imewatoa jasho wanamichezo wote watatu.
Katika zamu ya mwisho, Japani iliipiku China kwenye upau mlalo.
Aliziachia pete, akajipindua hewani na kutua tuli.