Ufa Usiozibika

Kila mwanafunzi anaijua grafiti, ijapokuwa huenda hajui jina lake. Ni ile risasi nyeusi iliyomo ndani ya kalamu. Kwa kweli si risasi hata kidogo, bali ni aina ya kaboni, ndugu ya makaa. Haiyeyuki hata kwa joto linaloyeyusha chuma, tena hupunguza mwendo wa nyutroni, vile vijipande vya atomu vinavyopasua urani. Ndiyo sababu Enrico Fermi na wenzake, walipowasha kinu cha kwanza cha nyuklia mjini Chicago tarehe 2 Desemba 1942, walikijenga kwa matofali ya grafiti.

Hata hivyo, kigumu si cha milele. Joto peke yake haliivunji grafiti. Adui yake mkubwa ni zile zile nyutroni. Mwaka baada ya mwaka huzigonga atomu za kaboni na kuzihamisha mahali pake. Mwanzoni tofali hunywea. Baada ya miaka mingi hugeuka likaanza kuvimba, na kiasi cha joto ndicho huamua mwendo wa mabadiliko hayo. Upande wa ndani, ulio karibu na fueli, hupigwa zaidi, hivyo huanza kuvimba hali upande wa nje ungali unanywea. Tofali huvutana lenyewe kwa lenyewe, mwishowe likapasuka.

Ndivyo ilivyokuwa Hunterston B, huko Uskoti, kituo kilichoanza kutoa umeme mwaka 1976. Machi 2018 kinu kimojawapo kati ya viwili kilisimamishwa kwa ukaguzi. Kamera ziliteremshwa katika mifereji ya kiini chenye matofali yapata 3,000, na nyufa zikakadiriwa kupita 350. Hofu ilikuwa hii: fimbo za kuzimia kinu hushuka katika mifereji iliyonyooka. Je, ardhi ikitetemeka na mifereji ikapinda, zitashuka? Wakaguzi wa serikali walidai ithibati kwanza, ndipo mwaka 2020 wakaruhusu kinu kiwashwe tena kwa muda maalum.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa hauzibiki wala ukuta haujengwi upya, maana kiini kimefungwa ndani ya zege nene, chenye mionzi mikali. Lililobaki ni kuhesabu nyufa kwa uaminifu na kuzima mapema. Vinu hivyo viwili vilizimwa kabisa, kimoja Novemba 2021, cha pili Januari 2022. Askari anayekagua silaha yake kila siku ataielewa hekima hiyo.